Kupimwa pumzi kwa mugonjwa wa moyo si wizi

Bwana Mhariri,

Jambo sana na kazi. Nasoma gazeti lenu tangu zamani, hata kama siku hizi nalisoma zaidi kwenye simu ya mutoto wangu, na sikuwahi kuwaandikia. Lakini ile barua ya baba wa mtaa wa Bagira muliyoweka kwenye ukurasa wa wasomaji, yule aliyesema alienda kutibiwa moyo wakamulipisha pesa ya "kupuliza ndani ya kamashini", hapo nimeshindwa kunyamaza. Anasema moyo ni moyo na mapafu ni mapafu, eti waganga wa Bukavu wanatafuta tu namna ya kula pesa ya watu. Na naona kisha barua yake watu wengi wamemushangilia.

Mimi ni infirmie, muuguzi. Nimefanya kazi miaka mingi medesini interne, wagonjwa wa tansio, yaani presha ya damu, wa moyo, wa kifua, wa figo, wote chumba kimoja, sasa niko retreti, nimestaafu, lakini majirani hawaniachi nikae retreti, kila jioni kuna mutu mulangoni na karatasi ya dawa mukononi. Kwa hiyo nasema kitu ninachokijua. Baba yule hakuibiwa. Hapa mjini mugonjwa wa moyo anapimwa tansio, anapimwa sukari, mwenye pesa anafanya elektro ya moyo na ekografi, mwenye pesa zaidi anavuka mpaka kwenda Kigali, lakini pumzi yake ni wachache wanaoishugulikia, wakati pumzi njo inaonyesha mapema nani ataenda vizuri na nani ataenda vibaya. Kama kuna wizi mimi ningeutafuta upande huo.

Tuanze na kipimo chenyewe, kinaitwa spirometri, juu yule baba amekiandika kama muchezo wa watoto. Unakaa wima kwenye kiti, wanakubana pua, unavuta hewa mpaka kifua kinajaa kabisa, unashika kamurija kwa midomo vizuri hewa isitoroke pembeni, kisha unapuliza kwa nguvu yako yote bila kuacha, sekunde sita ao zaidi, na mutu wa mashini amesimama kando yako anapiga kelele "puliza puliza puliza, bado, bado, endelea" mpaka machozi yanatoka. Halafu unarudia tena na tena mpaka namba zifanane. Si kazi ya mutu muvivu, na anayepimisha akiwa muvivu kipimo chote ni bure. Mwisho mashini inatoa namba mbili za maana: hewa uliyotoa katika sekunde ya kwanza peke yake, na hewa yote kwa jumla. Wanagawa ile ya kwanza kwa ile ya pili, na kama kisha kuvuta dawa ya kufungua kifua jibu linabaki chini ya 0.70, njia za hewa zimebanana. Kama jibu la kugawa ni zuri lakini jumla yenyewe ndogo, basi mapafu hayapanuki inavyopaswa, na hapo kuna sababu nyingi, moyo ukiwa mumoja wao.

Wala si kitu cha juzi. Muganga Mwingereza, John Hutchinson, alitangaza mashini yake London mwaka 1846 akiwa ameshapima watu zaidi ya 2,000, mabaharia, mapolisi, watu wa mieleka, maskini wa mitaani, na tayari wakati ule alikuwa anaambia makampuni ya bima ya maisha kwamba kwa pumzi ya mutu wanaweza kukisia kama ataishi sana. Fikiri, watu wa bima, wale hawapotezi hata franga moja bure, njo aliwaendea. Miaka mia moja mbele, mwaka 1948, pale Framingham, mji mudogo wa Marekani, wakaanza kufuata watu 5,209 mwaka kwa mwaka, ile kazi njo ilifundisha dunia kwamba tansio na sigara na kolesteroli vinaharibu moyo, na humo humo wakaona wenye pumzi ndogo njo wanaangukia zaidi kwenye moyo kushindwa kazi. Halafu Scotland, miji ya Renfrew na Paisley, walipima watu zaidi ya 15,000 wenye miaka 45 mpaka 64, matokeo yakatoka 1996: kadiri hewa ya ile sekunde ya kwanza inavyokuwa ndogo, kadiri vifo vya moyo vinavyoongezeka. Na musiniambie ni sigara tu, juu hata kwa wale ambao hawakuwahi kuvuta sigara maisha yao yote mustari ulikuwa ule ule.

Sasa baba wa Bagira atauliza, inawezekana namna gani. Mimi kwa wagonjwa nilikuwa naeleza kwa nyumba zetu za Kadutu: ziko kwenye mulima, moja juu ya ingine, ukuta mumoja, wa juu akimwaga maji yanaingia kwa wa chini. Upande wa kushoto wa moyo ukichoka kusukuma, damu inajazana nyuma yake, na nyuma yake ni mapafu, kwa hiyo maji yanachuja kuingia kwenye mapafu, ngozi laini ambayo oksijeni inapita inakuwa nzito, vinjia vya hewa vinavimba, mutu anakohoa usiku na kifua kinapiga filimbi kama mwenye pumu. Moyo wenyewe ukitanuka unakula nafasi ndani ya kifua. Na upande mwingine ni hivyo hivyo: mapafu yakiharibika oksijeni inapungua, mishipa ya mapafu inajibana, upande wa kuume wa moyo unasukuma kwenye njia nyembamba kila siku mpaka unavimba na wenyewe, njo unaona miguu imejaa na maini imevimba. Hewa inayobakia kifuani bila kutoka inabana moyo usijae vizuri. Na ule uchafu unaochoma mapafu, unachoma na mishipa ya moyo pia. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo inaweza kuwa ni mapafu, inaweza kuwa ni moyo, inaweza kuwa vyote viwili, lakini kwa vyovyote ni habari mbaya ambayo ni heri kuijua leo. Katika wagonjwa wa moyo kushindwa waliopimwa huko Ulaya na Marekani, mara nyingi kati ya 1 kwa 5 na 1 kwa 3 ana pia ile ya kubanana kwa njia za hewa, na hao njo wanarudi sana hospitali na wanatangulia kufa. Ndiyo maana hata wapasuaji wa moyo wa Ulaya, katika hesabu yao ya hatari wanayoita EuroSCORE, iliyotoka 1999 ikatengenezwa upya 2012, wanaandika kama mugonjwa ana ugonjwa wa mapafu wa muda murefu kabla ya kumugusa na kisu. Watoto wetu wenye valve, ile milango ya moyo, zilizoharibiwa na rimatisme, familia ikichanga pesa wakapelekwa nje kupasuliwa, wanaenda kukutana na kipimo hiki huko huko ugenini.

Na kwetu Afrika hali ya moyo si ile ya Ulaya ambako ni wazee wa miaka 75. Mwaka 2012 ilitoka kazi ya wagonjwa 1,006 waliolazwa juu ya moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, majirani zetu Uganda na Kenya wakiwemo. Umri wa kati ulikuwa miaka 52. Karibu nusu chanzo kilikuwa tansio. Miezi sita haijaisha, karibu 18 kwa mia walikuwa wameshakufa. Miaka 52, Bwana Mhariri, huyo ni mutu bado ana watoto kwenye shule.

Nirudi kwetu. Kwetu mutu akianza kuhema, miguu ikivimba, tumbo likijaa, akakonda mabega na kukohoa usiku, jirani wa kwanza kufika hasemi moyo, hasemi mapafu. Anasema karuho. Amepewa sumu, kwenye bia, kwenye ile arusi, na shemeji yake, na wanajua hata jina la shemeji. Basi anapelekwa kwa mwenye kutapisha, anatapika siku mbili, chumvi za mwili zinaisha, tansio inaanguka, familia mbili zinaanza kuchukiana na hazitasalimiana tena mpaka watoto wa watoto. Sisemi hakuna mutu anayeweza kumupa mwenzake sumu, nimeona mambo mimi. Nasema kwa wale tuliokuwa tunapokea usiku kisha kutapishwa, wengi walikuwa na moyo mukubwa kwenye ekografi na mapafu yamejaa maji kwenye picha ya radio.

Kulikuwa muzee mumoja wa Cimpunda, mwalimu wa zamani, mutu aliyezoea kupanda na miguu kutoka Nyawera mpaka kwake bila kupumzika njiani. Akaanza kupumzika mara moja, kisha kila kona, mwishowe analala ameketi kwenye kiti juu akilala chali anazama. Watu wake wakapita karuho kwanza. Kisha farmasi ya mtaani, wakasikia filimbi ya kifua, wakasema ni pumu, wakamupa prednisolone na pompi ya salbutamol ya kufungua kifua. Kwa mwenye moyo uliochoka ile prednisolone ni mbaya sana ikitumiwa ovyo, inashika chumvi na maji mwilini na kupandisha tansio, ndani ya wiki alikuwa amejaa zaidi, na salbutamol akiipiga kila saa inakimbiza moyo ambao tayari unakimbia. Alipofika kwetu dokta kijana akataka kumuanzishia bisoprolol, dawa ya kupunguza mbio za moyo, kisha maji kutoka, mwingine akakataa, hapana, huyu ni mutu wa pumu, utamuua. Wakabishana mbele ya mugonjwa, mambo ambayo mimi sipendi. Kilichomaliza ubishi ni kupuliza tu. Walimukojoza kwanza na furosemide mpaka kilo zikashuka na mapafu yakakauka, wakangoja, halafu akapuliza: njia za hewa hazikuwa zimebanana hata kidogo, hakukuwa dalili ya pumu, ile filimbi ilikuwa maji. Akapewa dawa yake, kidogo kidogo, wakipandisha polepole. Alirudi kupanda mulima, si kama zamani, na vituo, lakini alipanda.

Habari hii ya dawa naomba watu waishike, juu njo mahali ambapo kupuliza kunageuza matibabu moja kwa moja. Dawa za kupunguza mbio za moyo, zile jamaa ya bisoprolol, zinaongezea mwenye moyo uliochoka kusukuma miaka ya kuishi. Waganga wengi wanaogopa kumupa kila mwenye kifua kibovu, na woga huo una nusu ya ukweli. Mwenye pumu ya kweli anahitaji uangalifu mukubwa sana. Lakini yule ambaye njia zake zimebanana sababu ya moshi ao sigara, zile dawa zinazolenga moyo peke yake kama bisoprolol anaweza kuzimeza, na anafaidika, kama muganga anamufuata. Propranolol ni kitu kingine, ile ya bei rahisi iliyojaa kila farmasi, ile haichagui, inagusa moyo na inabana kifua pia. Sasa bila kipimo utajua namna gani huyu ni wa pumu, huyu ni wa moshi, huyu ni wa maji tu? Kwa kusikiliza filimbi? Zote tatu zinalia filimbi.

Na moshi, tuseme ukweli, ni wetu. Mukitaka kuona mapafu yanayoharibu moyo muende chini kwa ziwa jioni mukaangalie wamama wanaokaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa. Mbabula, jiko la mukaa, iko katikati ya magoti, mafuta yanachemka, mama ameinama juu yake, mutoto kamufunga mugongoni, na mvua ikinyesha wote wanasogea ndani chini ya bashi, turubai, ambako moshi hauna pa kutokea. Huyo hajawahi kugusa sigara. Ukimuuliza kama anavuta atakasirika, na ana haki. Lakini kifua chake kinaweza kuharibika kama cha mutu wa sigara. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa kupikia nyumbani uliua watu karibu milioni 3.2 kwa mwaka 2020, na wengi kati ya hao hawakufa na mapafu, walikufa na moyo na kiharusi. Makala, yaani mukaa, yanadanganya watu juu hayatoi moshi mwingi wa kuonekana, ila yanatoa ile gazi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, inashikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwenye moyo mugonjwa haina haja imufikie kiasi cha kumuua, kiasi cha kumuumiza kifua kinatosha. Halafu kuna mutu atanijibu tutumie umeme. Umeme gani, wa delestaji, wa kukatwa kila mara? Tunaishi kando ya muto Ruzizi yenye mitambo ya umeme na tunapika na makala, basi, hiyo si barua ya leo.

Tena kuna kifua kikuu. Dawa zake ni za bure, mugonjwa anamaliza miezi sita, anapimwa makohozi, anaambiwa amepona, na ni kweli mikrobe imekufa. Lakini makovu yamebaki kwenye mapafu, na hakuna anayemwambia apulize aone kimebaki nini. Miaka kumi mbele anarudi na miguu imevimba.

Sasa hapa nataka kusema jambo ambalo linaniuma kwa namna ya pekee. Mashini nyingi kabla hujapuliza zinauliza umri, urefu, mwanaume ao mwanamuke, na kisha zinauliza rangi yako. Ukiandika mweusi, yenyewe inashusha kiwango cha kawaida, 10 mpaka 15 kwa mia. Maana yake mutu wa Bukavu na mutu wa Brussels wanapuliza namba ile ile, urefu ule ule, umri ule ule, karatasi ya muzungu inaweza kuandikwa "ana shida", karatasi yetu ikaandikwa "normale, rudi nyumbani". Mawazo haya yalitoka mbali. Katika Marekani ya utumwa kulikuwa dokta mumoja, Samuel Cartwright, mutetezi mukubwa wa utumwa, alitumia mashini ya namna ya Hutchinson kusema mapafu ya watu weusi ni dhaifu kwa asili na kwamba kufanyishwa kazi kwa nguvu ni dawa yao. Hesabu kama hizo zikahama kitabu mpaka kitabu, wakaacha kutaja mashamba ya pamba, wakabakisha asilimia. Ilifika 2023 ndipo chama cha waganga wa mapafu cha Marekani kikasema rangi iondolewe, kitumike kiwango kimoja kwa watu wote. Lakini mashini zinazofika kwetu nyingi ni okazio, zimetoka huko zikiwa zimeshatumika, programu yake ni ile ya zamani. Hata kale kamashini ka kidole ka kupima oksijeni, ambako kila mutu alijua wakati wa covid, mwaka 2020 waganga wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kanakosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo ukiona 93 usifurahi haraka. Tena huku tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, presha ya hewa imepungua karibu sehemu moja kwa sita ukilinganisha na Matadi ao Mombasa, mwenye moyo na mapafu dhaifu hapa kwetu hana akiba.

Najua jibu la hospitali: mashini ni ghali, makaratasi na vichungi vya mudomo ni vya kununua, hakuna mutu aliyefundishwa. Ya mutu aliyefundishwa nakubali, juu nimesema kipimo kibaya ni kibaya kuliko kutopima. Ya bei nakubali nusu. Spirometri za siku hizi ni ndogo, zingine zinaingia mufukoni, na hospitali ambayo imeweza kununua jenereta kubwa na kupaka rangi ofisi ya direkteri haiwezi kuniambia imeshindwa na hiyo. Na hata bila mashini kuna kazi ya kufanya. Kale kamurija ka plastiki ka kupima kasi ya pumzi, kalikoanza na Mwingereza Martin Wright mwaka 1959, bei yake ni ndogo, hakajibu maswali yote lakini kwa mwenye pumu kanaonyesha mambo yanavyopanda na kushuka asubuhi na jioni. Kutembeza mugonjwa dakika sita kwenye koridori ya mita 30 na kuandika amefika wapi, hiyo inahitaji kamba ya kupimia na saa, basi. Mizani nyumbani: mwenye moyo kushindwa akipanda kilo mbili ndani ya siku tatu si kwamba amenenepa, ni maji, asingoje randevu. Na tumuulize analala na mito mingapi, hilo swali ni bure kabisa na waganga vijana wameliacha, wanaangalia skrini.

Kisha ukishajua namba ni ndogo, si kwamba umehukumiwa. Mwenye sigara akiacha, mapafu yaliyokufa hayafufuki lakini kasi ya kuharibika inapungua, hata akiwa na miaka 55, hata 60. Mbabula inatoka nje ya chumba. Kine, mutu wa mazoezi ya mwili, anamufundisha kupumua na kutembea kidogo kidogo kila siku, ile hofu ya kusema "mugonjwa wa moyo asitembee" tuiache, kulala kitandani kunamaliza misuli, hata ile ya kuvuta pumzi. Dawa ya kuvuta inachaguliwa kwa sababu, si kwa kukisia. Chanjo kama zipo achanjwe, juu pinemonia moja inaweza kumumaliza mutu ambaye moyo na mapafu vinaazimana nguvu.

Jambo moja tu nampa haki baba wa Bagira, tena haki kamili: hakuna aliyemueleza. Alilipa kwanza, akapulizishwa, akapewa karatasi ya mistari na namba za Kifaransa, akaambiwa ende. Hapo hata mimi ningeandika gazetini. Mutu anayejua kwa nini anapuliza anapuliza vizuri, na bei ibandikwe kwenye ukuta kila mutu aione kabla ya kuketi kwenye kile kiti.

Kwa hiyo baba, ile karatasi usiitupe. Irudishe kwa aliyekupima umuulize mambo matatu bila kuogopa: nilipopuliza maji yalikuwa yameshatoka ao bado, maana kama miguu ilikuwa imejaa inabidi kurudia, mashini iliandika rangi yangu ao haikuandika, na hii namba inageuza dawa gani kati ya zile ninazomeza. Kama karatasi imeshapotea, omba kopi, inapaswa kuwa ndani ya fishi yako, karatasi zako za hospitali, na kwangu si haki wakulipishe mara ya pili.

Infirmie wa retreti,
Kadutu, Bukavu